Machozi ya Tamari

Somo: Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 13, mstari wa 1 mpaka wa 22.



Mlango huu hausomwi mara nyingi katika ibada zetu. Mwalimu akiufikia huuruka, kwa kuona haya mbele ya watoto na wazee. Lakini Mtume Paulo amtufundisha Timotheo ya kuwa Maandiko yote yafaa kwa mafundisho, na kwa kuwaonya watu makosa yao. Wala hakuutoa mlango huu. Basi twawaomba mwufungue na kuusoma wote nyumbani, kisha mrudi kusikiliza.

Amnoni alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mfalme Daudi, kijana aliyetumainiwa sana. Alimtamani Tamari, dada yake kwa baba. Yonadabu, mwana wa ndugu yake Daudi, mtu wa hila, akampa shauri ajifanye mgonjwa, aombe Tamari aje ampikie mikate. Mfalme mwenyewe ndiye aliyemtuma binti. Tamari akaja kwa utii, akakanda unga, akapika. Amnoni akawatoa watu wote nje, akamkamata. Binti akamsihi, akamkumbusha desturi ya Israeli, akamwuliza aibu yake ataipeleka wapi. Hakusikiwa, naye Amnoni alikuwa na nguvu kuliko yeye. Kisha Amnoni akamchukia, akamfukuza, akaamuru mlango ukazwe komeo nyuma yake. Tamari akatia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda zake akilia.

Sasa waangalieni watu wa nyumba ile. Absalomu, ndugu yake, alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Daudi aliposikia alikasirika sana. Lakini hatusomi popote ya kwamba alimwita Amnoni, wala ya kwamba alimhukumu, wala ya kwamba alikwenda kumtazama binti yake. Hasira ya mfalme iliishia kifuani mwake. Naye Tamari akakaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu.

Wazee wetu husema, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni karamuni, wakati wa kukata kondoo manyoya. Baadaye Absalomu aliinua vita juu ya baba yake, naye akauawa. Na mfalme akapanda chumbani juu ya lango, akalia kwa sauti kuu. Machozi aliyoyaogopa siku ile moja yalimjia mara nyingi.

Habari hii ya kale hutukia tena na tena. Twataka kuwaeleza mashauri ya kijana mmoja wa Marekani, kisha tuirudie pwani yetu. Twayachagua mashauri yale kwa sababu kila neno lilisemwa wazi, barazani na magazetini; na maneno yale yale husemwa kwetu kwa sauti ndogo, wazee wakiisha kukaa mkekani.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 2015, penye Chuo Kikuu cha Stanford, katika jimbo la California, wanafunzi wawili watu wa Sweden walikuwa wakipita kwa baiskeli. Wakamwona kijana juu ya mwanamke aliyelala chini nyuma ya pipa la taka, asiyetikisika wala kusema. Wakaita. Kijana akakimbia. Mmoja akamfukuza, wakamkamata, wakamzuia mpaka polisi walipofika. Kijana yule aliitwa Brock Turner, mwenye umri wa miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwogeleaji hodari ambaye watu walimtumainia mashindano makubwa. Mwanamke alikuwa na miaka 22. Alikuwa amelewa mpaka kupoteza fahamu, naye aliamka hospitalini bila kujua yaliyompata.

Mwezi wa Machi 2016 baraza la watu 12 lilimwona kijana ana hatia ya makosa 3 makubwa: kumshambulia mwanamke kwa nia ya kumnajisi, na makosa mawili ya kuutenda jeuri mwili wa mtu aliyelewa na asiyejitambua. Sheria iliruhusu kifungo cha miaka 14. Mwendesha mashitaka aliomba miaka 6. Tarehe 2 Juni 2016 hakimu, Aaron Persky, alimpa miezi 6 gerezani na miaka 3 ya kuangaliwa, tena jina lake liandikwe maisha yake yote katika daftari la wakosaji wa namna hiyo. Alikaa gerezani miezi 3, akatoka.

Ndipo mabishano makubwa yalipoanza. Baba yake alikuwa amemwandikia hakimu barua, akisikitika ya kuwa mwanawe amepoteza furaha, hata chakula hakimpendezi tena, na ya kuwa gereza ni gharama kubwa mno kwa tendo la dakika 20 katika maisha ya miaka 20 na zaidi. Hakimu naye aliangalia ujana wa mkosaji, na kwamba hakuwa na hukumu ya nyuma, na kwamba alikuwa amelewa, na kwamba gereza lingemwumiza vikali. Lakini yule mwanamke alikuwa amesimama barazani na kusoma waraka mrefu mbele ya uso wa kijana. Alieleza jinsi alivyosoma gazetini, akiwa kazini, habari ya namna alivyokutwa amelala. Na mwisho wa habari ile ile ziliandikwa mbio za kijana majini. Waraka ule ulitangazwa, watu mamilioni wakausoma kwa siku chache. Wakati ule jina lake lilifichwa. Mwaka 2019 alijitaja mwenyewe kuwa ni Chanel Miller, akaandika kitabu.

Watu wa California waliligeuza jambo hili kuwa shauri la nchi. Mwezi wa Septemba 2016 sheria ilibadilishwa, ili mtu amtendaye hivyo asiyejitambua asikose kufungwa katika gereza kubwa. Mwezi wa Juni 2018 raia walipiga kura wakamwondoa hakimu yule katika kiti chake. Wako mawakili waliolipinga neno hilo, si kwa kumpenda mkosaji. Waliogopa ya kuwa hakimu mwenye kuwahofu watu atawapiga kwa ukali maskini na wanyonge, wasio na mtu wa kuwaandikia barua njema. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini nayo yatuonyesha kasoro ile ile: kijana mwenye sifa ana wengi wa kumlilia.

Ndugu, wavuvi wa Msimbati na watu wavukao Ruvuma karibu na bahari wajua desturi iliyo ya haki. Mtumbwi ukipinduka pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, watu wa ufuoni huuliza kwanza, Nani yumo majini? Hawaanzi kuulilia mtumbwi, ijapokuwa ni mzuri na wa thamani. Katika mashauri yale wengi waliulilia mtumbwi. Walizihesabu mbio za kijana, na masomo yake, na matumaini ya wazazi wake. Yule aliyekuwa majini alisahauliwa mpaka aliposimama na kusema mwenyewe.

Mtu asiseme, Hayo ni ya Wazungu. Mwezi wa Juni 2013, huko Busia, magharibi ya Kenya, msichana wa miaka 16 alirudi kutoka mazishi ya babu yake. Vijana wakamshika, wakamnajisi, wakamtupa katika shimo la choo, akaumia mgongo. Jina lake halikutajwa; watu walimwita Liz. Waliokamatwa walipewa na polisi adhabu ya kufyeka majani penye kituo, kisha wakaachiliwa. Habari ilipoenea, watu zaidi ya milioni moja waliandika majina yao kudai haki, na wengi wakaandamana Nairobi. Mwezi wa Aprili 2015 watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15. Tazameni: isingalikuwa kelele ya wageni wasiomjua, jambo la binti huyu lingalikwisha kwa kufyeka majani.

Na kwetu je? Sheria ya nchi yetu, iliyowekwa mwaka 1998, si laini. Mtu mzima apatikanaye na hatia ya kubaka hufungwa muda usiopungua miaka 30. Na mwenye kumwingilia mtoto wa miaka chini ya 10 hufungwa maisha. Lakini sheria haiwezi kumhukumu mtu asiyefikishwa mbele yake, wala mashahidi waliokimbia. Kule Marekani walilalamika kwa kuwa adhabu ilikuwa ndogo. Kwetu, kwa kuwa adhabu ni kubwa, jamaa humficha mkosaji isimpate hata kidogo. Usiku watu huja na maneno matamu. Baba wa kijana huleta fedha au mbuzi, au huahidi kulipa korosho zikiisha kuuzwa. Wazee husema, Mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani. Binti haulizwi. Pengine aambiwa aolewe naye. Kesho yake aenda kisimani, naye akutana njiani na yule aliyemtenda, akimcheka.

Hapo ndipo penye neno kwa wazee wa kanisa na walimu. Kwa maana mara nyingi huitwa kukaa katika baraza hilo, nao huombwa watoe Neno la Mungu la kulifunika jambo. Basi tuyapime maneno yanayosemwa.

La kwanza husemwa hivi: Ni kijana mwema, ana masomo, anacheza vizuri, kosa moja lisimharibie maisha. Twawapenda vijana wetu wachezao. Mwaka 2021 wanafunzi wa nchi nzima walikuja Mtwara kwa mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na uwanja wa Nangwanda Sijaona ulijaa furaha. Ni karama ya Mungu. Lakini Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 9, anawasifu wakimbiaji kwa neno gani? Kwamba ashindaniaye taji hujizuia katika yote, na kuutiisha mwili wake. Nguvu isiyozuiliwa si sifa. Amnoni naye alikuwa na nguvu, na Maandiko yaitaja nguvu yake mahali pamoja tu, pale alipomshinda binti.

La pili: Pombe ndiyo iliyomharibu. Watu husema hivyo hasa wakati wa mabibo, pombe yake inapokuwa nyingi vijijini. Mithali, mlango wa 20, yatuonya ya kuwa kileo ni chenye dhihaka na ugomvi. Hatukusoma popote ya kuwa chamwondolea mtu dhambi yake. Tena angalieni udanganyifu huu: kijana akilewa, watu husema pombe yampunguzia kosa, binti akilewa, husema pombe yamwongezea. Mizani ya namna hii ni chukizo kwa Bwana.

La tatu: Amri ya Nane yatukataza kumchafulia jirani jina. Ni kweli, na Luther alitufundisha kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Lakini Luther yuyo huyo, katika Katekisimo Kubwa, alieleza ya kuwa dhambi iliyo wazi yapasa kukemewa wazi, na ya kuwa mahakimu na wahubiri hawavunji amri hiyo wanapofanya kazi yao. Na jirani ni nani? Binti naye ni jirani. Akiisha kuitwa mwongo na malaya kijijini, ni nani aliyemtetea kwa Amri ya Nane?

La nne ndilo lenye hatari, kwa sababu limevaa kanzu ya Injili: Mkristo husamehe, basi asamehe, tuyaache. Ndugu, ondoleo la dhambi ni moyo wa Kanisa letu. Tukiliondoa hatuna neno la kuhubiri. Kwa sababu hiyo halipasi kuuzwa kwa mbuzi. Mtazameni yule mnyang'anyi msalabani, katika Luka, mlango wa 23. Alimwambia mwenzake ya kuwa wao wanapata haki ya matendo yao. Hakuomba kushushwa. Aliikubali hukumu ya serikali, akaomba akumbukwe katika ufalme. Na siku ile ile alipewa Paradiso. Adhabu na msamaha vilikutana juu ya mti mmoja bila kugombana. Basi mtu asemaye ametubu, huku akiwafukuza mashahidi na kumtisha binti, hajatubu bado. Na mtu amwambiaye binti asamehe leo, ili kesho shauri lisifike kwa polisi, hamwongozi kwa Kristo. Amrudia maneno ya Absalomu, kwamba anyamaze.

Tena wengine huliweka jambo hili chini ya Amri ya Sita peke yake, wakaliita uzinzi, wakamwuliza binti naye dhambi yake. Musa alikwisha kutufundisha. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, binti aliyeshikwa kwa nguvu hana dhambi ya kuhukumiwa. Jambo lake lafananishwa na mtu aliyeinukiwa na jirani yake akauawa. Hapa yumo pia Amri ya Tano, ambayo Luther aliieleza kwa kusema tusimdhuru jirani katika mwili wake, bali tumsaidie katika kila haja ya mwili. Ndiyo kazi waliyoifanya wale wawili wa baiskeli. Hawakumjua mwanamke yule, wala hawakuuliza amekunywa nini, wala amevaa nini. Walisimama. Msamaria alisimama vivyo hivyo, na kuhani alipita upande.

Sasa twasema na wewe, binti yetu, usomaye au usomewaye haya, uliyetendwa jeuri nawe hujamwambia mtu. Methali yasema, Mwenye kovu usidhani kapoa. Nasi hatutakuambia umekwisha kupona. Tamari aliuliza aibu yake aipeleke wapi, na nyumba ya Daudi haikumjibu. Lakini kutoka nyumba hiyo hiyo ya Daudi alizaliwa Bwana wetu Yesu Kristo. Askari walimvua nguo, wakazipigia kura, wakamcheka, wakamtoa nje ya mji. Na Waraka kwa Waebrania wasema ya kuwa aliustahimili msalaba na kuidharau aibu yake. Yeye aweza kuichukua aibu yako, kwa kuwa ameijua mwilini mwake. Hukunajisika mbele zake. Ubatizo wako hauna doa. Mwendee mama umwaminiye, umwambie.

Na wewe kijana, uliyetenda hivyo, Kristo alikufa kwa ajili yako pia. Njoo useme kweli mbele ya Mungu, na mbele ya hakimu. Kanisa halitakuficha, wala halitakuacha. Milango ya gereza la Lilungu huwafungukia wachungaji. Na Bwana alisema ya kuwa aliyemtazama mfungwa amemtazama yeye.

Mwisho, maneno machache kwa walimu na wazee, ili mahubiri yasiishie hewani.

Mkiitwa katika baraza la kulimaliza jambo la namna hii kwa fedha au mbuzi, msikae. Semeni wazi ya kuwa jambo hili ni la serikali, kama Paulo alivyofundisha katika Warumi, mlango wa 13.

Binti apelekwe upesi hospitalini, kama Ligula kwa watu wa Mtwara mjini, kabla ya saa 72 kupita. Kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai baada ya hapo. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe, zitunzwe. Taarifa ifikishwe polisi, penye Dawati la Jinsia na Watoto. Mama mmoja mwenye busara afuatane naye kila mahali.

Asiondolewe Meza ya Bwana, wala asisimamishwe mbele ya wazee kutubia dhambi asiyoitenda, hata kama amepata mimba. Mtoto atakayezaliwa abatizwe kwa furaha kama mtoto mwingine.

Wavulana wafundishwe mapema. Ndugu zetu Waanglikana wa Masasi, siku za Askofu Vincent Lucas, walitengeneza jando la Kikristo, ili kijana asitoke kumbini bila Neno la Mungu. Sisi tuna mafundisho ya kipaimara. Mwalimu asiipite Amri ya Tano na ya Sita haraka haraka. Awaambie wavulana kwa lugha nyepesi ya kuwa mwili wa binti si wao, akiwa macho au amelala, mzima au amelewa. Na ya kuwa mwenye kuona mwenzake akitenda jeuri naye akanyamaza, amekaa pamoja na Yonadabu. Samaki mkunje angali mbichi.

Daudi alikuwa mfalme, mwenye askari na waamuzi, naye alishindwa kusema neno moja kwa sababu ya kumpenda mwanawe. Mwalimu wa kijiji hana askari. Lakini ana kinywa, na ana mlango wa nyumba awezao kumfungulia binti aliaye usiku. Mlango wa Amnoni ulikazwa komeo. Wa kwenu usikazwe.

Bwana, Baba wa yatima na mwamuzi wa walioonewa, atupe macho ya kuwaona walio majini, na moyo wa kuingia. Amina.